Mkaguzi wa Ghala la Panya

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni motoni. Wewe Mwanaidi, acha kumfinya mwenzio. Kimya sasa. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale wanyama waliweka mbegu zao katika ghala moja, na mlinzi wake alikuwa Panya. Mnacheka? Wenyewe walisema, "Nani aujuaye mtama kuliko Panya?"

Kila mwaka, kabla ya mvua, mkaguzi aliingia kutazama kama mbegu zipo. Na nani alimchagua mkaguzi? Panya huyohuyo.

Mwaka huo akamchagua Fuko, shemeji yake. Fuko akala kwa Panya, akashiba, akatoka ghalani akipapasa ukuta. "Ghala li salama! Li salama! Li salama!"

Wanyama wakashangilia, ila Kuku. Mbegu zake zote zilikuwa mle. Zikipotea, vifaranga wangekula nini?

"Jamani, Fuko haoni! Tena ni shemeji mtu!"

Nyati, mkuu wa baraza, akakohoa. "Basi tuweke sheria. Mkaguzi asiwe shemeji, asile kwa Panya, na awe na macho makubwa."

"Vyema, wazee wangu," Panya akainama kwa adabu. "Basi nawaletea Bundi."

Macho hayo! Kama sahani! Bundi akaingia ghalani jua la utosi, akalala fofofo. Walipomwamsha akapiga mwayo: "Ghala li salama! Li salama! Li salama!"

Kuku hakuvumilia tena. Akaingia ghalani, akarukia juu ya rundo la mtama.

"Shuka, mama!" Nyati akafoka. "Una sifa gani wewe?"

"Njaa ya wanangu, mzee."

Akaparua. Paru! Paru! Paru! Juu mtama, unene wa kidole tu. Chini yake makapi matupu.

Baraza likawaka hasira, likatunga sheria kali kuliko zote: wakaguzi nao wapate msimamizi. "Tumpate wapi?" akauliza Nyati. Wote wakamgeukia Panya, awashauri.

Kuku akachukua fungu lake katika ule mtama wa juu, akawaita wanawe, akahamia uani kwa binadamu.

Basi Fuko akarithi shimo. Bundi akarithi usiku. Panya akarithi ghala. Jenga lako leo, kesho yumo. Na Kuku akarithi kuparua: hata ummwagie mtama mbele ya macho yake, huparua kwanza. Msimfukuze, wanangu. Anakagua.

Hadithi yangu imekomea hapo, na moto nao umechoka.