Sange Adai Mtungi Wake

Wenye kuketi, mpo? Tupo!
Masikio mmekuja nayo? Tumekuja nayo!
Basi yaacheni wazi, uongo wangu unapita.

Paliondokea Sange, mnyama mdogo kama panya, pua yake ndefu. Huko porini wanyama walikubaliana kila mmoja aweke akiba ya maradhi kwenye mtungi wake, na mitungi yote ikae pangoni kwa Fisi. Kuweka, siku yoyote. Kutoa, mpaka uugue. Sange akaweka kumbikumbi wakavu msimu baada ya msimu, hata mtungi ukafika shingoni.

Mwaka huo mwanawe, Kijoti, akashikwa na kifua. Kho, kho, kho, mchana kutwa. Dukani kwa Kobe dawa ya kikohozi ilikuwapo, ya kununua tu bila kumwona mganga, kichupa kimoja kwa konzi mbili za kumbikumbi. Sange akaenda pangoni, tipu tipu tipu. Fisi akamwambia dawa ya dukani si matibabu, alete cheti cha mganga. Na mganga alikaa ng'ambo ya milima, mwendo wa siku nne.

Sange akarudi nyumbani. Kho, kho, kho. Akaenda tena, tipu tipu tipu. Fisi akasema kikohozi si ugonjwa, ni kelele. Safari hii Sange aliona bawa la kumbikumbi limenata mdomoni mwa Fisi. Moyo ukamwaka. Alijiambia kwamba dawa ile ataipata leo, na ataipata kwa akiba yake mwenyewe.

Nyumbani ilibaki konzi moja tu ya kumbikumbi; akawakaanga, akawachanganya na pilipili kichaa iliyotwangwa, akawapeleka pangoni.

"Mzee Fisi, kutoa umenikatalia. Kuongeza je?"

"Kuongeza ongeza tu, mama. Hayo ndiyo maneno."

Sange akawapitia Swala na Nungunungu, wakaenda kukaa dukani. Akamnong'oneza Kobe. Haukupita muda, puu, puu, puu, Fisi huyo mbio, ulimi nje, mtungi wa Sange kwapani. Akataka dawa ya tumbo upesi, atalipa kwa kumbikumbi.

Kobe hakuwa na haraka. "Cheti cha mganga kiko wapi?"

"Cha nini? Tumbo langu, linaniuma mimi, mimi ndiye ninayejua. Dawa ya dukani haitaki cheti."

Sange akawageukia wenzake. "Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Basi nipe mtungi wangu, Mzee Fisi. Mwana ni wangu, anakohoa, mimi ndiye ninayejua."

Fisi akaitazama miiba ya Nungunungu, akautua mtungi. Sange akachota chini kabisa, pasipo na pilipili, akalipa konzi mbili, akaondoka na kichupa chake. Fisi, ambaye hajawahi kuweka hata punje, Kobe alimwelekeza mtoni akanywe maji.

Jioni ile Kijoti alikohoa mara moja, akalala. Kulipokucha, kila mnyama alikwenda pangoni kuchukua mtungi wake.

Uongo wangu umeshapita, masikio sasa fungeni. Funzo lake, watoto: msinunue dawa bila cheti, msibishane na mtunza mitungi, na akiba yenu mkabidhini mwenye njaa, maana hakuna atakayeikumbuka kila siku kama yeye.