Pampu ya Bi Kindi

Paukwa!

Pakawa!

Gari limezima!

Tulisukume!

Tulisukume mpaka wapi?

Mpaka hadithi iwake!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kiu anywe maji sasa, maana hii ikishawaka haisimami njiani.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na magari na watu bado wanakwenda kwa miguu, aliishi Bi Kindi katika bonde moja chini ya mlima. Alikuwa na kigari kidogo cha mizigo. Rangi ilikuwa imebabuka na mlango mmoja ulifungwa kwa kamba. Lakini kigari hicho ndicho kilichokuwa miguu ya bonde zima. Bi Kwale akitaka kupeleka vifaranga kliniki, anapanda kwa Bi Kindi. Nungunungu akiumwa jino, anapanda kwa Bi Kindi, tena anakaa pembeni asiwachome wenzake. Mwenye karanga alileta karanga. Asiye nazo alipanda vilevile, na hakuulizwa.

Siku moja kigari kikakohoa. Koh! Koh! Kikatembea kidogo. Koh! Koh! Kikatembea kidogo. Koh! Zii.

"Pampu ya mafuta," akasema Kobe, aliyekuwa amekaa mbele. "Imechoka kuliko mimi."

Bi Kindi akaushikilia usukani. Alikuwa anamfikiria Bi Digidigi. Bi Digidigi alikuwa mjamzito, tumbo limeshashuka, na mkunga wao, Bi Tembo, alikaa ng'ambo ya mlima. Mtoto wake wa kwanza Bi Digidigi alimzaa njiani, akipanda mlima kwa miguu kwenye mvua, na mtoto yule hakuishi. Hakuna aliyelitaja jambo hilo mbele yake, lakini kila mtu bondeni alilikumbuka.

Basi Bi Kwale akatoa mayai. Nyuki wakatoa asali. Kobe akasema, "Mjini nitakwenda mimi." Wakamwambia, "Wewe Kobe? Utafika lini?" Akasema, "Nitafika nikifika." Akaenda, akabadilisha mayai na asali kwa pampu mpya kabisa ndani ya boksi lake, akarudi nayo. Njiani mvua ikamnyeshea. Kobe akaliingiza boksi ndani ya gamba lake, na kwa kuwa mle ndani hapakutosha wote wawili, kichwa chake akakiacha nje kinalowa. Alipofika alikuwa anapiga chafya, lakini boksi lilikuwa kavu.

Pampu ikapatikana. Tatizo likabaki fundi.

Fundi bondeni alikuwa mmoja tu, Fundi Kiboko, mwenye gereji kando ya mto. Wengine walijua kushika spana, lakini nani angeweza kuinua gari? Kiboko hakuhitaji jeki. Jeki ilikuwa bega lake. Hiii! Gari likapanda juu.

Na Kiboko hakupenda mteja aje na spea yake. Kicheche alikwenda na taa mpya. Kiboko akamwambia, "Nikimbilie sabuni dukani." Kicheche akaenda, akarudi, gari tayari. Kesho yake taa haiwaki. Kicheche akalia, "Nilileta taa mpya!" Kiboko akasema, "Uliniletea feki. Spea ya kuja nayo haina dhamana."

Nungunungu alikwenda na pampu mpya. Kiboko akamwambia, "Nikimbilie sabuni dukani." Nungunungu akaenda, akarudi, gari tayari. Kesho yake pampu haisukumi. Nungunungu akalia, "Nilileta pampu mpya!" Kiboko akasema, "Uliniletea feki. Spea ya kuja nayo haina dhamana."

Na kila mteja akirudi nyumbani analia, gari la Kiboko mwenyewe linazidi kupendeza.

Basi kigari kikasukumwa mpaka gereji.

"Hodi, fundi," akasema Bi Kindi.

"Karibu. Umekuja na gari tu, au umekuja na spea?"

"Nimekuja na spea, fundi wangu."

Kiboko akanuna, mashavu yakamwagika. "Wateja wa siku hizi! Ukienda kula kwa mama ntilie, unabeba mchele wako?"

"Kama anapika vizuri ila mchele wake una mawe, nabeba."

"Una mdomo wewe, mdogo hivyo! Haya. Ila ujue, spea ya kuja nayo haina dhamana. Ikifa ni yako."

"Nimesikia, fundi."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikaanza kukakamaa, maana kiboko hawezi jua. "Ngoja nikajiloweke," akasema. "Nikitoka majini nafunga." Akaenda mtoni. Chubwi!

Wakabaki Bi Kindi na Kobe, na boksi miguuni. Pembeni palikuwa na karai la oili chafu, ambamo Kiboko hutupa spea alizozichomoa kwenye magari. Kitu kikitoka kwenye boksi, Kiboko alijua ni kipya. Kitu kikitoka kwenye karai, alijua kimechoka, cha kumfungia mteja afike nyumbani tu. Hakuwa na haja ya kuangalia zaidi ya hapo.

Bi Kindi akaingiza mkono karaini. Akapapasa. Akatoa pampu moja, nyeusi tititi. Ilikuwa ile mbovu ya Nungunungu.

"Kobe, niangalizie njia."

Akachota majivu, akachota mchanga, akasugua kwa mkia wake. Fyu, fyu, fyu! Pampu mbovu ikatakata. Fyu, fyu, fyu! Pampu mbovu ikameremeta, mpaka Bi Kindi akaona meno yake mwenyewe humo. Akaitia ndani ya boksi.

Kisha akaishika ile mpya. Hapo mkono ukamwia mzito.

"Nisamehe, Kobe. Wewe umeikinga na mvua, mimi nataka kuitia kwenye oili chafu."

Kobe akapiga chafya. Akasema, "Mama akimpaka mtoto masizi usoni asipatwe na kijicho, mtoto si yuleyule?"

Bi Kindi akacheka, machozi yakamlengalenga. Akaichovya pampu kwenye oili, akaipaka masizi ya ekzosi, huku na huku, kama anavyopakwa mtoto mzuri. Akailaza karaini juu ya vyuma vingine.

Kiboko akarudi. Cho, cho, cho, anatona maji.

"Lete boksi. Aa, mikono yangu ina grisi! Bi Kindi, nikimbilie sabuni dukani kwa Ngedere. Na wewe Kobe, msindikize."

"Mara moja, fundi!"

Sabuni Bi Kindi alikuwa nayo tangu alfajiri, ameifunga kwenye pindo la kanga. Alipozunguka ua tu, akaupanda mkwaju, akajibanza kwenye majani. Kobe akaendelea na safari ya dukani, naye alikuwa bado hajafika kwenye kona.

Kiboko akafungua boksi. Macho yakamtoka.

"Yalaaa! Kigari kama kiatu, pampu kama pete ya harusi! Hii itanipeleka ukweni." Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaitupia mdomoni, akaificha shavuni.

Kisha akaliendea karai. Akaiokota ile iliyokuwa juu. Akaipima mkononi.

"Mbona nzito?"

Juu mtini Bi Kindi akafumba macho. Aliona njia ya mlimani, ndefu, na Bi Digidigi anaipanda peke yake, anashika mawe.

Kiboko akaitikisa pampu. Akainusa. "Imejaa oili tu," akasema. Akaweka bega chini ya kigari. Hiii! Kikapanda. Akafungua, akafunga. Kiri, kiri, kiri! Kikashuka.

Bi Kindi akateremka, akaja na sabuni huku anahema kwa makusudi.

"Tayari, fundi?"

"Hm."

"Umeifunga ile ya kwenye boksi?"

"Hm-hm!" Kiboko akaitikia kwa kichwa, shavu limetuna.

"Pole, fundi, naona jino linakusumbua. Ukifika nyumbani sukutua na maji ya chumvi."

Akawasha. Vruuum! Kigari kilinguruma kama hakijawahi kuugua. Hata Kiboko akashangaa, akaitazama mikono yake, akaona kweli ina baraka.

Bi Kindi akampakia Kobe, aliyekuwa sasa amefika kwenye kona. Akapitia kwa Bi Digidigi, ambaye alikuwa ameegemea mlango, kijasho kinamtoka. Bi Kwale akapanda naye kumshika mkono, vifaranga wakaingia wote chini ya bawa moja ili bawa la pili ampepee mgonjwa. Kigari kikaupanda mlima. Vruuum! Mpaka juu. Vruuum! Mpaka ng'ambo, mpaka mlangoni kwa Bi Tembo, ambaye alikuwa ameshachemsha maji.

Mtoto akazaliwa. Wa kike. Akalia kwa sauti nyembamba, nae, nae, na masikio yake yalikuwa makubwa kuliko uso.

Kesho yake wakarudi. Katikati ya mteremko wakakuta njia imezibwa na gari kubwa linalong'aa. Kiboko alikuwa amekaa kando, kanzu nyeupe, kofia ya kitani, ngozi ya shingo imeanza kupasuka kwa jua. Gari lake lilikuwa limekohoa. Koh! Koh! Likatembea kidogo. Koh! Zii.

Alipomwona Bi Kindi akaruka. "Wewe! Pampu yako feki!"

"Pampu yangu?" Bi Kindi akakanyaga mafuta. Vruuum! "Hii hapa, fundi. Haina neno."

"Si hiyo! Ile ya kwenye boksi!"

Bi Kwale akatoa kichwa nje taratibu. "Fundi, ya kwenye boksi si uliifunga humu?"

Kiboko akafungua mdomo. Ninyi mnajua mdomo wa kiboko ukifunguka. Ukabaki wazi. Akisema aliifunga, hana wa kumlaumu. Akisema hakuifunga, amejitaja. Akaufunga. Pwaa!

Bi Digidigi akamgeuza mtoto upande wa pili, na vifaranga wakaambiwa watazame ndege, ili fundi asionekane machozi yakimtoka. Bi Kindi akashuka na kibuyu cha uji wa mzazi uliobaki.

"Kunywa, fundi. Jua kali."

Kiboko akanywa. Mto ulikuwa mbali, chini kabisa. "Nivute mpaka gereji, Bi Kindi. Nitakauka hapa."

"Nitakuvuta. Ila kigari changu kidogo, hakiwezi kuvuta vitu vya bonde zima. Vya watu vitoe, tuviweke huku nyuma. Vyako nitavivuta kwa kamba."

"Vyote vyangu!"

"Haya. Basi tutangoja mpaka ukumbuke."

Wakangoja. Jua likachoma. Kiboko akajikuna. Akashika spana.

"Taa ni ya Kicheche," akasema. Akaitoa. Kiri, kiri, kiri!

"Pampu ni ya..." Akaichungulia, akaitambua. "Ni ya Nungunungu." Akaitoa. Kiri, kiri, kiri!

"Betri ni ya Ngiri. Kiti ni cha Bi Swala." Kiri, kiri, kiri! "Magurudumu, haya ya mbele ni ya Pundamilia, ya nyuma ni ya shangazi yake." Kiri, kiri, kiri! Kigari kikajaa. Abiria wakapakata, kila mmoja chake. Kobe akabebeshwa taa, akasema hiyo ni nyepesi.

"Na bodi?" akauliza Bi Kindi kwa upole.

"Nyumbu aliniletea nilinyooshe," akasema Kiboko, kichwa chini. "Nikamwambia halijakauka rangi."

Basi hapo njiani pakabaki Kiboko, na mkononi mwake usukani.

"Huu ni wangu," akasema. "Nimeachiwa na baba."

"Hongera, fundi. Huo ni mzuri sana."

Kamba haikuwa na cha kufunga. Wakaliacha bodi la Nyumbu kando ya njia, mwenyewe aje kulichukua. Bi Kindi akaendesha polepole, polepole sana, kigari kisimwache. Na nyuma yake, katika vumbi, Fundi Kiboko akashuka mlima kwa miguu, usukani mikononi, akikata kona zote sawasawa. Akifika penye kona kali anapiga honi kwa mdomo. Pii! Pii! Na mtoto wa Bi Digidigi, mle ndani, kila akisikia pii, anatikisa sikio moja.

Hadithi yangu imefika. Kama ni tamu, lambeni vidole. Kama ina uchungu, nirudishieni niimalize mwenyewe na chumvi.

Na funzo lake, watoto wangu, ni hili: kitu kikimeremeta, jueni ni kizima, msikiulize. Na fundi akikutuma sabuni, nenda mbio wala usigeuke nyuma, maana hakuna duniani anayependa usafi kama fundi.