Jina Moja Kichwani mwa Gitaa

Sogeeni, wenye masikio. Nina fundo mkononi, na kulifungua ni kazi yenu.

Tabora palikuwa na karakana ya magitaa ya umeme yenye mafundi watatu. Kashindye aliijua miti: akigonga ubao, husikia unyevu uliojificha ndani. Limbu alijua chuma. Tausi alijua mikono ya watu. Kila gitaa lilichomwa kichwani jina la fundi mmoja tu, na mwenye gitaa ndiye aliyechagua. Aliyefikisha majina kumi hukabidhiwa karakana. Wote watatu walikuwa na tisa.

Basi akaja Nyamizi, mpiga solo. Alikuwa amevunjika mkono wa kushoto. Ukapona, lakini vidole vikabaki vizito, na shingo ya gitaa lake akaiona nene kama mchi. Bendi ilimpa mwezi mmoja: apige, au ampishe mwingine. Akaomba gitaa jipya lenye shingo nyembamba.

Kashindye akatoa ubao wa mninga alioukausha miaka minne, ndani, kama mwari.

"Huu haupindi, dada. Nimeulea mwenyewe."

"Basi leo tunamwoza," Limbu akamtania.

Lakini shingo nyembamba huinama ikivutwa na nyuzi sita. Limbu akachimba mfereji katikati ya ubao, akalaza humo fimbo ya chuma yenye skrubu ya kukazia: nyuzi zikivuta huku, chuma kivute kule. Fimbo ya kwanza ilikatika. Ya pili pia, ikamchana kiganja. Ya tatu ikashika.

Tausi hakugusa tupa kwanza. Alimpa Nyamizi donge la chapati.

"Lifumbate kama unapiga."

"Nimekuja kupiga gitaa au kupika?"

"Fumbata, dada!"

Vidole vinne vilizama; gumba likagusa tu. Tausi akachonga kwa kulifuata donge lile, upande wa gumba mnene, upande wa vidole mwembamba, akipima kila baada ya mikwaruzo kumi.

Siku ya ishirini na tisa Nyamizi alipiga wimbo mzima bila kidole kukwama. Bendi ikamrudisha.

Kisha akapewa chuma cha kuchomea, chekundu.

"Msinitazame hivyo, jamani," akasema.

Kashindye alianza kazi kabla mkono wa Nyamizi haujavunjika. Limbu alishindwa mara mbili, akatoka damu, hakuacha. Tausi peke yake ndiye aliyeuuliza mkono huo unataka nini. Nyamizi akakiinua chuma, akakirudisha motoni. Akakiinua tena.

Je, wewe ungechoma jina la nani?