Mzee Zima na Pasi Sita

Mtu anayelazimishwa hufanya kazi mpaka pale jicho la mwenye amri linapofika. Mwenye amri akigeuza kisogo, kazi nayo huishia hapo. Aliyeridhia kwa moyo wake hahitaji kuchungwa. Msimamizi wa karakana moja ya kushona sare za shule alilijua jambo hili akiwa na mvi kichwani, tena baada ya kuchakaa kwa uchovu kama tambara la deki.

Wafanyakazi walimbandika jina la Mzee Zima. Kwa majuma matatu hakuwa na neno jingine. Zima taa, zima feni, zima birika! Alibandika karatasi kila ukuta na kung'oa balbu ya chooni, watu wakawa wanaingia kwa kupapasa. Alipotokea mlangoni, birika la umeme lilisukumwa chini ya meza likiwa bado linachemka, na mafundi wote wakawa wapole kama maji ya mtungini. Alipotoka, lilirudishwa mezani.

"Tajiri kamwahidi kitu huyu," alinong'ona Mama Pasi, mkuu wa meza ya kupigia pasi. "Si bure."

Haikuwa hivyo. Karakana ile na zahanati ya wazazi iliyopakana nayo zilitumia laini moja ya umeme. Mzigo ukizidi, fyuzi ya nguzoni ingekatika, na majengo yote mawili yangebaki gizani. Ndani ya zahanati, katika kisanduku cha kioo chenye joto la umeme, alilala mjukuu wa kwanza wa Mzee Zima, aliyezaliwa kabla ya siku zake, mwepesi kuliko mkate. Naye hakumwambia mtu. Ya nyumbani hayaletwi kazini, alijisemea. Isitoshe, msimamizi anayeomba, nani atamheshimu?

Ugonjwa huo wa kuzimazima ulimfuata hadi nyumbani. Jioni moja alimkuta mkewe akipiga pasi huku feni ikizunguka, akachomoa waya bila hata salamu.

"Baba watoto," mkewe alisema taratibu, "umeme wa huku unatoka nguzo nyingine. Haumhusu mjukuu wetu."

"Najua. Mkono umeshazoea."

"Basi upumzishe. Maana ukitoka tu, nawasha."

Kesho yake alitoa amri kali kupita zote: kuanzia saa nne asubuhi, pasi zote zizimwe hadi adhuhuri.

"Saa nne kamili?" Mama Pasi aliuliza.

"Saa nne kamili."

"Haya, bosi. Umesema wewe."

Amri ikatiiwa neno kwa neno. Ili kazi iishe kabla ya saa nne, pasi zote sita ziliwashwa kwa pamoja, na mabirika mawili yakachemshwa ili kujaza chupa za chai za asubuhi nzima. Ilipofika saa nne kasoro dakika kumi, mlio mkali ulisikika nguzoni, na vyerehani vikanyamaza vyote.

Mzee Zima hakugombeza mtu. Alikimbia, na magoti yake hayo ya kizee, akavuka ua na kuingia zahanati. Alimkuta binti yake amelazwa chali, kitoto kimewekwa kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na blanketi mbili juu yao.

"Anapumua," muuguzi alimwambia. "Lakini mzee, mara ya pili tusijaribu."

Umeme ulirudi baada ya saa mbili. Aliporudi karakana, mafundi walikuwa wameinamisha vichwa wakingoja matusi. Yeye aliketi juu ya robota la kitambaa.

"Mjukuu wangu yuko pale jirani," alisema. "Umeme ukikatika hapa, na joto lake linakatika. Ndiyo habari yenyewe. Nimechoka jamani. Nawaomba mnisaidie."

Mama Pasi alijifuta macho kwa ncha ya aproni, kisha akakasirika.

"Majuma matatu neno 'naomba' unalo mdomoni, umelificha! Sisi tukajua unajipendekeza kwa tajiri. Mbona ulituona mawe?"

Siku hiyohiyo walipanga mambo wenyewe, bila karatasi wala kiranja. Pasi zikawa zinafanya kazi mbili mbili, kwa zamu. "Naingia!" mmoja aliita, na mwenzake akajibu, "Ingia, natoka!" Wakata vitambaa walisogeza meza dirishani, wakaacha taa. Birika likawa moja, la wote. Msimamizi alizurura humo ndani hana la kuamrisha, na kwa mara ya kwanza alisinzia kitini mchana kweupe. Fyuzi haikukatika tena.

Mwezi ulipita, mtoto akanenepa, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Asubuhi iliyofuata Mzee Zima aliingia karakana akitabasamu kwa uchovu.

"Mjukuu ametoka salama. Ahsanteni sana. Sasa kila mtu arudi alivyozoea, washeni mnavyotaka. Mimi sina amri tena."

Hakuna aliyenyanyua mkono kuelekea swichi. Pasi mbili ziliendelea kutoa mvuke, nne zikabaki baridi.

"Hamkunisikia?"

"Tumekusikia," Mama Pasi alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Alfajiri wameingiza mapacha pale jirani. Wadogo kuliko wako."

Mzee Zima alisimama akaona haya. Yeye aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa tayari kuacha mara tu wake alipotoka, na hawa aliowachunga kama wezi walikuwa wakiendelea bila kuambiwa na mtu. Kweli, hiari yashinda utumwa.