Meno Yatang'oka, Taya Je?

"Mwanangu umemfananisha na mbuzi?" msusi alifoka, kitana mkononi, mteja wake akiwa na kichwa nusu kimesukwa, nusu timtim.

"Sijamfananisha, shoga. Nimesema anatafuna kama mbuzi," alijibu jirani wa mlango wa pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio, kwani habari zake hazikuwa na saa ya kuzimwa. "Mwambie aume, uone kidevu kinavyokwenda kando. Mpeleke kwa daktari wa kupanga meno."

"Ana miaka saba! Meno yenyewe ya utoto, yatang'oka. Shughulika na ya kwako!"

Mteja alicheka hadi kiti kikalia. Tangu siku hiyo, waliokuwa chanda na pete wakawa paka na panya. Hata salamu ilipelekwa na watoto.

Hata hivyo, neno lile lilimkwama msusi kama mwiba wa samaki kooni. Jioni moja akamsimamisha kitindamimba wake mbele ya kioo cha saluni.

"Uma, mama."

Mtoto akauma. Kidevu kikateleza kulia, kama droo iliyotoka kwenye reli.

"Twende kwa daktari," msusi akasema. "Atuambie huna kitu, na ile redio izimike."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye vidole vyepesi, alimtazama mtoto akifungua na kufunga mdomo.

"Wengi wa umri huu nawatazama tu, nawarudisha nyumbani. Huyu hapana. Taya la juu ni jembamba, kwa hiyo la chini linahama kando kutafuta pa kukutana nalo."

"Lakini daktari, si meno ya utoto? Yatang'oka."

"Meno yatang'oka, mama. Taya je, nalo litang'oka?"

Daktari akaeleza kwamba mfupa wa mtoto ungali unakua, na kifaa kidogo chenye skrubu kingelipanua taya polepole. Ukishakomaa, huenda ukataka kisu.

Mwanzoni mtoto alilia, na kila neno lake likatoka na mate. Msusi hakulegea. Alikaza skrubu kama alivyoelekezwa, akibembeleza na kukemea kwa pumzi moja. Miezi ikapita. Siku daktari aliposema kidevu kimetulia katikati, msusi alirudi nyumbani akajaza sufuria, akaita mashemeji, kisha akaenda mwenyewe kugonga mlango wa pili.

"Mtoto amepona, shoga. Usingefungua mdomo, ningesubiri hadi maji yazidi unga."

Mama Redio akajikuna shingo. "Alhamdulillahi. Ila mimi nimeshakula."

"Kwangu hujala. Na ugomvi huu nao ukikauka, nani atauumba tena? Udongo uwahi ungali maji. Ingia tule."