Kidonge cha Mwisho cha Bi Mwantumu

Bwana Shekimweri, mkubwa wa dirisha la dawa, aliwasumbua wagonjwa wa presha kila mwezi. Ukija na vidonge, alisema, "Bado unavyo, rudi vikiisha." Ukija bila, "Umechelewa, ungekuja vikiwa vimebaki." Mume wa Bi Mwantumu alizikwa akiwa bado anarudishwa.

Bi Mwantumu akafika na kopo lake.

"Vimebaki vingapi, bibi?"

"Kimoja, mwanangu."

"Rudi kikiisha."

"Bismillahi." Akakimeza palepale. "Kimeisha."

Shekimweri akacheka. "Basi umechelewa! Ungekuja kikiwa kimebaki."

Bi Mwantumu akaigeukia foleni. "Jamani, nilikuja kikiwa kimebaki, au sikuja?"

"Ulikuja!"

Shekimweri akalipokea kopo, akaanza kuhesabu vidonge.

"Fanya haraka, mwanangu. Wenzangu wote hawa wameshika kimoja kimoja."