Kibaba cha Bwana Mbarawa

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake walikuwa na vyungu vingi kuliko chakula, aliishi mfanyabiashara aitwaye Mbarawa, mwenye duka la pekee la nafaka. Alinunua mchele wa wakulima kwa pesa moja kibaba, akawauzia watu wa mjini kwa pesa moja kibaba, huku akiapa kwamba hapati faida hata ya punje, anawahurumia tu. Huruma hiyo ilikuwa imekwisha kumjengea nyumba ya ghorofa tatu, na kumnenepesha hata akawa anaingia dukani kwa ubavu.

Basi maskini mmoja, jina lake Shekue, ambaye wanawe walishinda na njaa, akasema sokoni, "Mtu huyu anakula ndani ya vyungu vyetu." Mbarawa akamshtaki kwa sultani.

Sultani akasema, "Ewe Shekue, mwenzio anunua kwa pesa moja, auza kwa pesa moja. Faida i wapi? Niletee hapa nilipoketi, niione kwa macho yangu kabla sijala chakula cha mchana, wala usiguse duka lake. Ukishindwa, utafungwa kwenye kinu chake cha ufuta, ukizungushe miaka saba, maana ngamia wake ni mgonjwa."

Mbarawa alikuwa amekuja na hatamu kabisa. Akampima Shekue shingo, akasikitika kuona ni nyembamba.

Shekue akajibu, "Bwana wangu, naomba pishi moja, yaani vibaba vinne, ya mchele wa jikoni mwako. Bwana Mbarawa anunue kwangu kibaba kimoja, kisha aniuzie kimoja, apime kama apimavyo kila siku. Nasi turudie hivyo."

"Mchezo wa watoto," akasema sultani, lakini akaamuru kapu la mchele liletwe, na Mbarawa atandike mkeka wake.

Sasa, mkono wa Mbarawa ulikuwa na mazoea ya miaka thelathini. Akinunua, hujaza kibaba mpaka mchele ukasimama juu kama kichuguu, na hicho ndicho kibaba cha tele. Akiuza, hupitisha kijiti mdomoni mwa kibaba, mchele wa juu ukaporomokea mkekani kwake, na hicho ndicho kibaba cha mfuto. Hakuona ajabu yoyote, kwani hata baba yake alipima vivyo hivyo.

Basi akanunua cha tele, akatoa pesa. Shekue akairudisha pesa ile ile, akapewa cha mfuto, akakimwaga kapuni. Pesa ikaenda, ikarudi, ikaenda, ikarudi. Ikawa mara ya tano, ikawa mara ya kumi. Bei haikupanda wala haikushuka. Mpishi akachungulia mlangoni, "Bwana wangu, mchele wa pilau yako u wapi? Maji yamekwisha kuchemka!"

Mara ya kumi na tatu, Shekue akainamisha kapu, na kibaba cha tele hakikupatikana tena.

"Bwana wangu," akasema, "mchele wako umeuzwa na kununuliwa kwa bei moja, wala hakuna aliyeula. Kapuni kimebaki kibaba kimoja. Vitatu vimo mkekani kwa Bwana Mbarawa. Hiyo ndiyo faida yake, na ndiyo njaa ya wanangu."

Sultani akautazama mkeka, tumbo likamnguruma, akaelewa upesi kuliko alivyopata kuelewa lolote kwa mawaziri wake. Akacheka hata kilemba kikamdondoka, akaamuru Shekue apewe magunia kumi kutoka ghala la Mbarawa.

Shekue akainama. "Ahsante, bwana wangu. Na ushuru wa mashamba, ghala lako hupokea kwa kibaba gani?"

Kicheko kikakatika. Mtunza ghala wa sultani akavitazama vidole vya miguu yake. Sultani, uso umemshuka kwa haya, akasema, "Tangu leo kijiti kipite juu ya kila kibaba, kiwe cha kununua, cha kuuza, au changu mimi. Naye Mbarawa akazungushe kinu mpaka ngamia apone."

Hatamu ikamkaa Mbarawa vizuri, maana shingo yake ilikuwa nene. Akazunguka, akazunguka. Naye ngamia, akimtazama kutoka kivulini huku akitafuna, hakuwa na haraka yoyote ya kupona.